Hesabu za Senti Kumi: Historia ya Shirika Moja la Afya na Somo Lake kwa Watoaji



Mhariri wetu amenitaka nichangie makala ya historia katika toleo hili la mkutano wetu, nami nimechagua historia ya fedha. Sababu ni moja. Katika mikutano yetu miwili iliyopita lilizuka jambo la kutoa sehemu ya mfuko wetu kwa shirika moja kubwa la afya, na mabishano yakawa makali. Wako waliosema kwamba shirika linalotumia fedha nyingi kwa matangazo na ofisi halistahili hata shilingi yetu moja. Wako waliosema tutoe tu, maana kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi nimepata riziki yangu katika ukaguzi wa mahesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinasoma nusu ya habari. Kila shirika la afya lina daftari la fedha na lina daftari la wagonjwa. Anayetaka kulipima hana budi kuyasoma yote mawili, tena kwa miaka mingi.

Ili nisiseme maneno matupu, naleta mfano wa shirika ambalo historia imekwisha kulipima: lile lililopigana na ugonjwa wa polio nchini Marekani.

Mnamo mwaka 1921 Franklin Roosevelt, mwanasiasa wa miaka 39, alishikwa na ugonjwa uliompooza miguu, nayo haikupona tena. Mwaka 1926 alinunua mahali penye chemchemi za maji moto, Warm Springs katika jimbo la Georgia, ili wagonjwa kama yeye wapate matibabu. Fedha zilikuwa taabu. Alipokuwa Rais, marafiki zake walianza kuandaa dansi za hisani siku ya kuzaliwa kwake, kuanzia Januari 1934. Halafu mwaka 1938 likaundwa shirika kamili, National Foundation for Infantile Paralysis, chini ya wakili Basil O'Connor, aliyekuwa mshirika wa Roosevelt katika kazi ya sheria.

Mchekeshaji wa redio, Eddie Cantor, ndiye aliyeleta shauri kwamba kila mtu apeleke Ikulu sarafu ya senti 10, ambayo Wamarekani huiita dime. Kampeni hiyo aliipa jina la March of Dimes. Barua zikamiminika kwa magunia, na zilipohesabiwa zikapatikana sarafu 2,680,000, yaani dola 268,000.

Hapo mkaguzi huanza kukuna kichwa. Fedha ndogondogo ni ghali kukusanya. Kila bahasha ifunguliwe, kila sarafu ihesabiwe, na kila anayehesabu asimamiwe. Tajiri mmoja akiandika hundi moja, gharama yake ni karibu na bure. Kwa hiyo, ukipima kwa gharama za ukusanyaji peke yake, utasema njia ya tajiri ni bora. Lakini tajiri akichoka, shirika linakufa. Na akitaka fedha zifuate rafiki zake, nani atamkatalia? Shirika hili lilipata mamilioni ya wenyewe, kila mmoja na senti yake, na kila wilaya ikawa na kamati yake ya kujitolea.

Mgawanyo ulikuwa hivi: nusu ya makusanyo ilibaki wilayani kwa matibabu ya wagonjwa wa pale pale, na nusu ilikwenda makao makuu kwa utafiti, mafunzo na akiba ya kusaidia wilaya zinazovamiwa na ugonjwa. Hebu fikirini maana yake. Mtoto akipooza hata mapafu, alihitaji kulazwa ndani ya sanduku kubwa la chuma lililomsaidia kupumua, pengine kwa miezi mingi. Baba wa kawaida asingeweza kulipa. Toka mwaka 1938 hadi 1955 shirika lilitumia dola milioni 233 kwa matibabu, na zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wa polio nchini humo walipata msaada wake.

Walakini halikukosa lawama, na baadhi zilikuwa za haki. Ya kwanza ni kwamba liliuza hofu. Mabango yake yalionyesha watoto wazuri wenye magongo na vyuma vya miguu, ili mama akitazama amwone mwanawe. Ya pili ni ya uwiano. Mwaka 1952, mwaka mbaya kuliko yote, wagonjwa walikuwa karibu 58,000 na waliokufa 3,145. Ni msiba mkubwa, lakini ugonjwa wa moyo uliua watu mamia ya maelfu kila mwaka, wala haukupata vikapu vya senti kiasi kile. Ya tatu ni ukaidi: mashirika mengine yalipotaka michango yote ya hisani ikusanywe kwa pamoja na kugawanywa, O'Connor alikataa katakata. Alitaka fedha za polio zibaki za polio.

Ziko pia gharama ambazo hazikuandikwa katika daftari lolote. Warm Springs ilipokea wagonjwa weupe tu. Watu Weusi walipiga kelele, na shirika likagharimia kituo chao huko Tuskegee, Alabama, kilichofunguliwa mwaka 1941. Kituo kilifanya kazi njema, lakini kilikuwa pia njia ya kuuacha ubaguzi wa Warm Springs mahali pake. Na huko huko Tuskegee, kuanzia 1953, shirika liligharimia maabara ya kuzalisha chembechembe hai za kupimia chanjo. Chembechembe hizo zilitoka mwilini mwa mama Mweusi, Henrietta Lacks, aliyekufa kwa saratani mwaka 1951. Zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Deni la namna hiyo mkaguzi hulikuta baada ya daftari kufungwa.

Sasa tuje kwenye utafiti. Mwaka 1949 John Enders na wenzake wawili, Weller na Robbins, waliweza kukuza virusi vya polio katika chupa bila kutumia mishipa ya fahamu. Kazi yao ilisaidiwa na fedha za shirika, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Kwa njia hiyo iliwezekana kutengeneza chanjo kwa wingi. Jonas Salk wa Pittsburgh alitumia virusi vilivyouawa, na Albert Sabin wa Cincinnati alitumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Wanasayansi hao hawakupendana hata kidogo. Shirika liliwapa fedha wote wawili. Mtu asiyejua angeuliza mbona tunalipia kazi moja mara mbili. Mimi nasema huo ulikuwa uangalifu, maana hakuna aliyejua ni njia ipi itafika.

Lakini jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni jinsi shirika lilivyokubali kupimwa. Chanjo ya Salk ilipokuwa tayari kujaribiwa mwaka 1954, shirika lingeweza kujipima lenyewe na kujisifu. Badala yake, kazi ya kutathmini ilipewa Dakta Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi: watoto wa darasa la pili wachanjwe, wa darasa la kwanza na la tatu watazamwe tu. Francis aliona kwamba mpango huo ungeacha mashaka. Alishika kwamba katika sehemu nyingi nusu ya watoto wapigwe sindano ya kweli, na nusu sindano isiyo na chanjo, tena mtoto, mzazi wala daktari asijue ipi ni ipi. Chupa ziliandikwa namba za siri. Salk mwenyewe hakuupenda mpango huo, kwa kuwa aliwahurumia watoto watakaokosa. Hatimaye njia zote mbili zilitumika, kila moja katika wilaya zake.

Mpenda ubishi atasema Francis hakuwa mgeni kabisa, maana aliwahi kuwa mwalimu wa Salk, na aliyelipia tathmini ni shirika lenyewe. Ni kweli. Ndiyo maana nasema usalama wa ukaguzi hautegemei sura ya mkaguzi tu. Unategemea taratibu. Namba za siri hazijui urafiki.

Watoto karibu 1,800,000 walihusika. Katika wilaya za sindano za siri, waliopata chanjo walikuwa zaidi ya 200,000, na waliopata sindano tupu wengine zaidi ya 200,000. Wa kundi la kwanza waliopooza walikuwa 33. Wa kundi la pili walikuwa 115. Kwa hesabu nyepesi, chanjo ilipunguza kupooza hadi chini ya theluthi moja. Taarifa ilisomwa tarehe 12 Aprili 1955, miaka kumi kamili baada ya kifo cha Roosevelt, na kengele za makanisa zikapigwa nchi nzima.

Kabla ya siku hiyo O'Connor alikuwa amekwisha kuagiza chanjo ya kutosha sindano milioni 27, kwa dola milioni 9, bila kujua kama itafaa. Kama taarifa ingekuwa mbaya, fedha hizo zingemwagwa, na wakaguzi wote wa dunia tungemsulubu. Ilipokuwa njema, watoto walianza kuchanjwa mara moja.

Hata hivyo furaha ilikatika upesi. Wakati wa majaribio, kila fungu la chanjo lilipimwa na kiwanda, na maabara ya Salk, na maabara ya serikali. Baada ya leseni kutolewa, upimaji huo wa mara tatu ulilegezwa, na kiwanda kikaaminiwa zaidi. Mnamo Aprili 1955 chanjo ya kampuni ya Cutter ya California ikaonekana ina virusi hai. Watoto wapatao 40,000 waliugua kidogo, watu 200 walipooza, na 10 walifariki. Ukaguzi ulilegea siku ya ushindi, na wenye kulipa walikuwa watoto. Baada ya hapo ukaguzi ulikazwa, na kazi ikaendelea. Wagonjwa walioandikwa mwaka 1955 walikuwa karibu 29,000. Mwaka 1957 wakawa karibu 5,500.

Likabaki swali ambalo mashirika machache hulifikia: shirika lililomaliza kazi yake lifanye nini? Uongozi uliwaita wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia wawachunguze wanachama wa kujitolea, na kitabu cha David Sills kikatoka mwaka 1957. Mwaka uliofuata shirika lilitangaza kazi mpya, hasa kasoro wanazozaliwa nazo watoto, na baadaye likajishughulisha pia na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Wapo waliosema lilikuwa linatafuta sababu ya kuishi. Mimi naliona swali hilo ni halali, ila nashukuru kwamba liliulizwa hadharani, na wachangiaji waliambiwa mapema kwamba senti zao zinabadilisha njia.

Na sisi je? Matone ya Sabin, yale ambayo wengi wetu tumeona watoto na wajukuu wetu wakidondoshewa mdomoni kliniki, yana sehemu ya asili yake katika senti zile. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Kazi haijafungwa, maana mwaka 2022 kirusi cha asili kilichotoka nje kilipatikana Msumbiji, jirani zetu. Lakini tumevuna mahali ambapo hatukupanda, na yafaa tulijue hilo tunapoogopa kutoa.

Basi, kwa kamati yetu, maoni yangu ni haya. Tusikatae shirika kwa sababu tu lina gharama za ofisi, wala tusilipe kwa sababu tu lina picha za kutia huruma. Tuwaulize: Nani hukagua kazi yenu, si fedha zenu tu? Je, anaweza kuleta habari mbaya na mkaichapa? Ni wagonjwa gani hamwafikii, na kwa nini? Mlipofanikiwa, mlizidisha uangalifu au mliupunguza? Na kazi ikiisha, mtafanya nini na fedha za watu?

Shirika lenye majibu ya maswali hayo litajibu kwa barua moja. Lisilokuwa nayo litatuletea kalenda na bango. Napendekeza maswali haya yapelekwe kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, ili siku ya kupiga kura tuwe tumeyasoma madaftari yote mawili.

Nawatakia nyote mkutano mwema.