Mirathi ya Asiyeacha Mtoto: Nani Hurithi na kwa Kiasi Gani?

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake.

Amma ba'd. Akifa mtu asiye na mtoto, husikika kauli mbili. Ndugu husema: "Mali ya kaka yetu inarudi kwetu." Mjane husema: "Nimechuma naye, yote ni yangu." Zote mbili si sahihi. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ameigawa mali hiyo Mwenyewe katika Suratun-Nisaa, aya ya 12 na ya 176. Aliyekufa bila ya kuacha mtoto wala baba huitwa kalala.

Kabla ya kugawa, hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Mahari ambayo mke hajalipwa ni deni. Na mali ya mke mwenyewe haiingii katika mirathi ya mumewe.

Mafungu ni haya:

1. Mume hupata nusu. Mke hupata robo. Wakiwa wengi, hugawana robo hiyo hiyo.

2. Mama hupata thuluthi. Marehemu akiwa na ndugu wawili au zaidi, mama hupata sudusi.

3. Baba akiwa hai, huchukua kinachobaki, na ndugu wote hawarithi. Babu mzaa baba akiwepo, hesabu ya ndugu hubadilika, aulizwe Kadhi.

4. Ndugu wa kwa mama: mmoja hupata sudusi, wawili au zaidi hushirikiana thuluthi, wanaume na wanawake sawasawa.

5. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja: dada akiwa peke yake hupata nusu, madada wawili au zaidi, thuluthi mbili. Akiwepo kaka, huchukua pamoja kinachobaki, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Wasipokuwepo kabisa, ndugu wa kwa baba hushika nafasi yao.

6. Pasipokuwa na kaka wa aina hizo mbili, kinachobaki huenda kwa mtoto wa kiume wa kaka, kisha ami, kisha mtoto wa kiume wa ami. Binti wa kaka, mtoto wa dada, shangazi na mjomba hawamo katika safu hii.

Mfano: marehemu ameacha shilingi 36,000,000, mke, ndugu mmoja wa kwa mama, na kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja. Mke atapata 9,000,000. Ndugu wa kwa mama 6,000,000. Zinabaki 21,000,000: kaka 14,000,000 na dada 7,000,000.

Mtoto wa kulea, au mtoto wa dada aliyemuuguza mzee miaka yote, hapati fungu kwa sababu ya wema wake. Basi mwenye mali amuandikie wasia ndani ya thuluthi, au ampe hiba angali mzima.

Tunawanasihi ndugu zetu: msimtoe mjane nyumbani kabla ya hesabu, wala msiache nyumba na mikarafuu miaka mingi bila ya kugawa. Mrithi akifa, fungu lake huingia kwa warithi wake, na hesabu huzidi ugumu. Palipo na mzozo, nendeni kwa Kadhi. Kwa walioko Zanzibar, ipo pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Wallaahu a'lam.