Historia ya Viendeshi vya Linux

Seva ni mashine ya kazi ya kudumu, na kwa kuwa kazi yake haina usiku wala sikukuu, viungo vyake huchakaa na kubadilishwa kimoja baada ya kingine: leo diski, kesho kadi ya mtandao, mwaka ujao ubao mzima pamoja na prosesa yake, hata ikafika siku ambapo katika mashine ile ya asili halikubaki ila sanduku. Maadamu hali ni hiyo, swali la kwanza linalomkabili fundi wa seva ni hili: mfumo utakitambuaje chombo kipya kilichotiwa ndani yake, nao utasema nacho kwa lugha gani? Jawabu ni kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita draiva, yaani sehemu ya programu iliyojua tabia za chombo fulani ikawa tarjumani baina ya chombo hicho na kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo. Historia ya viendeshi vya Linux ni historia ya elimu: nani aliijua siri ya chombo, nani aliificha, na nani aliitoa hadharani ikawa mali ya wote, nami nasadiki kwamba uimara wa seva hizi umetokana na elimu hiyo kuwekwa wazi, zaidi kuliko jambo jingine lolote.

Asili ya mambo iko Marekani, katika maabara ya Bell, ambako mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix. Wao waliona vema chombo kifananishwe na faili: printa, diski na tepu zikapewa majina katika saraka moja iitwayo /dev, na nyuma ya kila jina zikawekwa namba mbili, ya kwanza ikionyesha kiendeshi kinachohusika, na ya pili ikionyesha chombo chenyewe miongoni mwa wenziwe. Fikra hiyo ilikuwa nyepesi na yenye hekima, lakini ilikuwa na gharama: kiendeshi kilishonwa ndani ya kerneli, na mwenye kuongeza chombo cha aina mpya ilimpasa aiunde kerneli upya, aizime mashine, kisha aiwashe tena.

Kiasi cha miaka kumi baadaye, katika maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman alipambana na taabu ya namna nyingine. Printa ya zamani ya maabara ile ilikuwa na programu iliyo wazi, naye aliiongezea uwezo wa kuwaarifu watumiaji karatasi zilipokwama. Ilipokuja printa mpya ya Xerox, programu yake haikuja na msimbo, na alipomwendea mtu aliyekuwa nao alinyimwa, kwa sababu mtu yule alikwisha kuahidi kutoutoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo wa programu huria, na kisa cha printa ile amekisimulia mara nyingi kuwa miongoni mwa mambo yaliyomfungua macho. Si kosa, basi, kusema kwamba madai ya programu huria yana nasaba na elimu ya chombo kimoja iliyofichwa.

Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza mfumo aliokuwa akiuunda juu ya kompyuta yake yenye prosesa ya 386, akaonya kwamba huenda usije ukakubali diski nyingine ila zile za AT, kwa kuwa hizo ndizo alizokuwa nazo. Onyo lile lilikuwa la haki, maana ni vigumu mtu kukiandikia kiendeshi chombo asichokuwa nacho. Lakini msimbo ulikuwa wazi, na waliokuwa na vyombo vingine wakaandika viendeshi vyake na kuvitia katika hazina ileile ya msimbo. Toleo la 1.0 la mfumo huo, yaani Linux, lililotoka Machi 1994, lilikuwa na mistari 176,250. Leo mistari ni mamilioni mengi, na zaidi ya nusu yake ni viendeshi.

Mwaka huohuo wa 1994, katika kituo cha Goddard cha NASA, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za bei nafuu, zenye prosesa za 486, zikafanya kazi kama mashine moja kubwa, na kundi hilo wakaliita Beowulf. Becker aliandika viendeshi vingi vya kadi za Ethernet vya miaka ile, na kwa kuwa njia moja ya mtandao haikutosha kwa kasi ya prosesa zile, ikatengenezwa pia namna ya kufunga kadi kadhaa pamoja zitumike kama kadi moja. Kazi ya maabara moja ya serikali ikawa faida ya kila mwenye seva ya Linux, kwa sababu hapana aliyeifungia mlango.

Wingi wa viendeshi ukaleta haja mpya, kwani kerneli haikuweza kubeba vyote kwa wakati mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 zikaenea moduli, yaani viendeshi vinavyokaa diskini vikingoja kuitwa, vikaingizwa na kutolewa pasipo kuizima mashine. Hata hivyo saraka ya /dev ilikuwa ingali imejaa maelfu ya majina ya vyombo ambavyo seva haikuwa navyo, mpaka lilipotoka toleo la 2.6, Desemba 2003, na pamoja nalo udev, kazi iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman, ambayo huumba jina pale tu chombo kinapoonekana na kulifuta kinapoondoka.

Tazama kwa karibu mambo yanavyokwenda. Fundi achukue kadi ya mtandao ya Intel aina ya 82540EM, aichomeke, aiwashe seva, kisha aandike amri lspci -nn: katika mstari wa kadi ile ataona namba 8086:100e. Nusu ya kwanza ni namba ya mtengenezaji, na ile ya Intel ni sawa na jina la prosesa yake mashuhuri ya mwaka 1978. Nusu ya pili ni namba ya chombo. Kila kiendeshi hubeba orodha ya namba za vyombo kinavyovijua, na amri iitwayo depmod huzikusanya orodha hizo katika faili moja. Kadi inapoonekana, kerneli hutoa tangazo, udev hulipokea, namba hutafutwa katika faili ile, na moduli ya e1000 huingia kazini pasipo fundi kuulizwa neno.

Lakini kukijua chombo si sawa na kukipa jina la kuaminika. Kwa miaka mingi kadi za mtandao ziliitwa eth0, eth1 na kuendelea, kwa zamu ya kutambuliwa, na zamu hiyo haikuwa na dhamana. Fundi aliyeongeza kadi aliweza kukuta iliyokuwa eth0 imekuwa eth1, na ulinzi uliokusudiwa mtandao wa nje umewekwa kwa wa ndani. Dawa ya kwanza ilikuwa kuandika anwani ya kila kadi katika kanuni za udev, nayo ikazaa ugonjwa wake, maana kadi mpya iliyoshika nafasi ya iliyoharibika ilipewa jina jipya ilhali mipangilio yote ilikuwa ikingoja lile la zamani, na seva ikawaka bila mtandao. Januari 2013 toleo la 197 la systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, lilileta majina yatokanayo na mahali kadi ilipokaa: enp3s0 ni kadi ya Ethernet katika njia ya 3, tundu la 0, na kadi mbadala ikiwekwa palepale hurithi jina la iliyotangulia. Kadhalika diski zikatambuliwa kwa UUID iliyoandikwa ndani yake, badala ya jina kama sda ambalo laweza kuhama. Umebaki mtego mmoja wa kale: kiendeshi cha kusomea diski, kama hakikushonwa ndani ya kerneli, sharti kiwe katika initramfs, furushi dogo ambalo kerneli hulifungua kabla ya kuifikia diski yenyewe, na anayehamisha diski kwenda seva nyingine pasipo kulitengeneza furushi hilo upya huenda akaiona mashine ikisimama njiani, imefungiwa nje ya nyumba yake.

Taabu kubwa, hata hivyo, imetoka kwa wenye kuficha. Kerneli ya Linux haina ahadi kwamba mambo yake ya ndani yatabaki yalivyo. Anayeyabadilisha huvirekebisha kwa mkono wake viendeshi vyote vilivyomo katika hazina, lakini kilichofichwa nje hapana wa kukirekebisha ila mwenyewe. Theo de Raadt wa OpenBSD, mfumo mwingine ulio wazi, aliwadai watengenezaji maelezo ya vyombo vyao bila kuchoka, na tuzo ya programu huria ya mwaka 2004 ikawa yake. Mwaka 2007 Kroah-Hartman alitangaza kwamba kampuni yoyote itakayotoa maelezo ya chombo chake itaandikiwa kiendeshi bure. Nvidia, iliyolaumiwa kwa miaka mingi, ilitoa hadharani msimbo wa moduli zake za kerneli Mei 2022. Basi ewe msomaji unayekusudia kununua chombo cha seva, kabla ya kuuliza bei yake uliza kama kiendeshi chake kimo katika kerneli yenyewe, maana kisichomo kitakufunga kwa hiari ya mtu mwingine.

Desemba 2012 watunzaji wa kerneli waliiondoa ndani yake ile prosesa ya 386, kwa kuwa kuitunza kulikwisha kuwa mzigo, na hivyo mashine ya namna ile aliyoanzia Torvalds haiwezi tena kuendesha kerneli mpya. Lakini matoleo ya zamani hayakufichwa: aliye na 386 leo aweza kulichukua lile la 1.0, akalisoma mstari kwa mstari, na kuiwasha mashine yake.