Sahihi pofu: Fedha za kielektroniki zisizomtaja mlipaji

SAHIHI pofu ni mbinu ya kihisabati inayoiwezesha benki kutia sahihi noti ya kielektroniki pasipo kuiona. Mmarekani David Chaum, aliyeibuni mwaka wa 1982, aliifananisha na bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani: sahihi inayotiwa juu ya bahasha hupenya hadi kwenye noti iliyomo.

Wakazi wa Thika walitangulia kuonja fedha za aina nyingine. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone ya Uingereza zilianza kuijaribu M-Pesa mjini humo na jijini Nairobi, kwa wateja wasiofika 500 wa shirika la mikopo la Faulu Kenya. Huduma ilizinduliwa rasmi Machi 2007.

M-Pesa haina upofu wowote. Mkazi wa Ruiru akiilipa kliniki ya Thika, kompyuta ya kampuni huandika nani amemlipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Siri ya mgonjwa huyo hulindwa na sheria pamoja na uaminifu wa wafanyakazi, si na hisabati.

Kwa mbinu ya Chaum, mgonjwa angejichagulia nambari ya noti na kuifunika kwa nambari nyingine ya siri. Benki ingetia sahihi na kukata pesa kwenye akaunti yake, naye angeondoa kifuniko. Kliniki ikiiwasilisha noti hiyo, benki huitambua sahihi yake lakini haijui iliitia kwa ajili ya nani. Huweka tu orodha ya nambari zilizokwisha kutumika, maana noti ya kompyuta hunakiliwa kwa urahisi.

Je, mjanja aliyelipia noti 10 hawezi kujipatia ya 11? Wafaransa David Pointcheval na Jacques Stern walilichambua swali hilo mwaka wa 1996. Mfumo wa Chaum wenyewe ulipata uthibitisho mwaka wa 2001 kutoka kwa Mihir Bellare na wenzake, nao umejengwa juu ya dhana kwamba fumbo fulani la RSA ni gumu mno kufumbuliwa. Tahadhari hiyo si ya bure: mwaka wa 2020 watafiti walionyesha kwamba sahihi pofu za aina ya Schnorr huweza kughushiwa, mradi mteja aruhusiwe kufungua maombi mamia kwa pamoja.

Kampuni ya Chaum, DigiCash, ilifilisika mwaka wa 1998. Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2009 dhidi ya ulanguzi wa pesa huzitaka taasisi za kifedha kumtambua mteja na kuhifadhi rekodi zake kwa angalau miaka 7.