Geji ya Ombwe katika Nchi ya Ukambani

Mwaka 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alipofika Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi na kuuona Mlima Kenya, Mfaransa Eugène Bourdon alikuwa ameshasajili huko Paris geji yake ya kupimia kanieneo, yaani nguvu ambayo mvuke, maji au hewa husukuma nayo kila inchi mraba ya kuta za chombo. Matukio hayo hayakuhusiana kwa lolote, ila nusu karne baadaye, kati ya 1898 na 1899, Reli ya Uganda ilipopita Kibwezi na Makindu, kila garimoshi lilibeba geji ya namna hiyo juu ya boila. Na magarimoshi makubwa ya kampuni ya Beyer, Peacock yaliyoanza kazi mwaka 1955 yalizalisha mvuke wenye kanieneo ya hadi ratili 225 kwa inchi mraba.

Ndani ya geji hiyo mna mrija wa shaba uliobanwa ukawa bapa na kupindwa kama mundu, ncha yake moja ikiwa imezibwa. Mvuke ukiingia, mrija hujaribu kunyooka na kuvuta mshale, na hewa ikinyonywa hujikunja zaidi, mshale ukarudi upande wa pili. Kwa hiyo mrija uleule hupima pia ombwe, yaani upungufu wa hewa ndani ya chombo ukilinganishwa na hewa ya nje.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito Ukambani. Geji nyingi za ombwe zimeandikwa hadi milimita 760 za zebaki, kipimo cha hewa ya ufuoni Mombasa, ilhali Makindu, iliyo mita 1,000 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe haizidi takriban milimita 675, na ombwe haliwezi kupita hapo; mjini Kitui hupungua zaidi kidogo. Pampu ya kufyonza, ambayo kwa kweli haivuti maji bali huiachia hewa ya nje iyasukume juu, ingeweza kinadharia kuyainua mita 10.3 Mombasa, lakini Makindu ni 9.2 tu, na msuguano katika mabomba hupunguza hata hizo.

Jambo hilo si la vitabuni pekee. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya Kitui, na maji yaliyojificha mchangani huvutwa kutoka visima vifupi, pengine kwa pampu za injini. Geji ikiwekwa upande wa kufyonza, ombwe likizidi kupanda huashiria kichujio kilichoziba au maji yaliyoshuka kisimani, na likianguka kuelekea sifuri, bomba linavuta hewa mahali fulani. Lakini geji inayosoma milimita 700 huko Makindu haina cha kumwambia fundi kuhusu pampu. Imeharibika yenyewe, na haina budi kurekebishwa au kubadilishwa.