Mtetezi wa Uhai, au wa Maisha?

Dada yangu alibeba mimba mbili ndani ya miaka mitatu. Ya kwanza haikufika mbali. Wiki ya tisa damu ilianza kumtoka usiku, na asubuhi nesi alimshika mkono akamwambia, "Pole mama, mimba imetoka." Ya pili ilipofika miezi sita nilimsindikiza kliniki. Nesi mwingine alimlaza, akamwekea tumboni kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya moyo, akainamisha sikio, akatulia kidogo, kisha akauliza, "Anacheza vizuri?" Hakusema ni nani anayecheza, wala hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mimba imetoka, anacheza. Wa kwanza alitumia i-, wa pili a-, na wote wawili walisema Kiswahili safi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na kazi mezani: kufasiri makala ya falsafa kuhusu watu wanaopinga utoaji mimba bila kutegemea dini yoyote. Nilidhani kitakachonisumbua ni falsafa. Kilichonisumbua ni jina wanalojiita kwa Kiingereza, pro-life, na tafsiri yake tuliyoizoea, "mtetezi wa uhai".

Tafsiri hiyo tumeisikia zaidi kwenye mahubiri na semina za Kanisa Katoliki. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1995 tunauita Injili ya Uhai, na humo neno uhai limekaa mahali pake: uhai ni zawadi ya Mungu, binadamu hana ruhusa ya kuuzima. Muumini akisema ni mtetezi wa uhai, anaeleweka. Lakini jina lenyewe la Kiingereza lilishatumika kwa maana nyingine kabisa. A. S. Neill, mwalimu wa Kiskoti aliyeanzisha shule ya Summerhill, alilitumia katika kitabu chake cha 1960 akizungumzia malezi. Kwake, mtu wa namna hiyo hampigi mtoto, na hawezi kuvumilia sheria inayonyonga watu. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu ya Roe dhidi ya Wade tarehe 22 Januari 1973, iliyotambua haki ya mwanamke kutoa mimba, waliopinga hukumu hiyo walilibeba jina hilo kama bendera, na tangu hapo limekuwa lao. Hata hukumu hiyo ilipobatilishwa tarehe 24 Juni 2022, jina lilibaki.

Bendera huchaguliwa kwa uzuri wake. Nani atasimama hadharani aseme anapinga uhai? Kwa sababu hiyo shirika la habari la Associated Press huwataka waandishi wake waseme "wanaopinga utoaji mimba", na nadhani magazeti yetu yangefanya vivyo hivyo katika habari za kila siku. Na upande wa pili utendewe haki ile ile. Wao kwa Kiingereza hujiita pro-choice, na kuwaita "watetezi wa uchaguzi" ni kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye masanduku ya kura. Wanachodai ni mwanamke aamue mwenyewe, basi tuseme "wanaotetea uhuru wa mwanamke kuamua".

Ugumu wenyewe unaanza pale unapotaka kueleza hoja, si kutaja kambi. Kiingereza kina neno moja ambalo sisi tunalo mara mbili. Samaki aliyevuliwa sasa hivi bado ana uhai. Mche uliokauka majani unaukwaruza gome kwa kucha, ukiona ukijani unasema una uhai. Maisha ni jambo jingine. Maisha huwa magumu au matamu, mtu huyaanza mjini na kodi ya chumba kimoja, huyapanga, huyahangaikia, huyasimulia wajukuu. Hakuna asemaye "uhai umepanda bei". Na ndugu waliokaa miezi kando ya kitanda cha mgonjwa asiyezinduka huambiwa na daktari kwamba uhai upo, wakatoka nje wakaulizana, haya ni maisha gani?

Sasa chukua watu wawili wasio na dini wanaopinga utoaji mimba, uone neno lipi linamfaa nani.

Nat Hentoff alikuwa mwandishi wa habari wa New York, mpenzi mkubwa wa muziki wa jazi, Myahudi aliyejitangaza kuwa hamwamini Mungu. Kwa miaka mingi aliandika kutetea uhuru wa kusema katika gazeti la Village Voice, na wasomaji wake wengi walikuwa watu wa mrengo wa kushoto. Miaka ya 1980 aliandika habari za watoto waliozaliwa na ulemavu na kunyimwa matibabu, na katika kazi hiyo akafikia kukataa utoaji mimba pia. Alipoteza marafiki kwa msimamo huo na hakuuacha mpaka alipofariki Januari 2017. Kwake hoja ilianzia kwenye baiolojia: aliye tumboni ni kiumbe hai wa jamii ya binadamu, na ukianza kupanga binadamu kwa madaraja ya nani anastahili kuishi, hutajua pa kusimama. Adhabu ya kifo aliipinga kwa sababu hiyo hiyo. Huyu ni mtetezi wa uhai bila shaka yoyote, na neno letu linamkaa sawasawa.

Don Marquis hatoshei humo. Alikuwa mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Kansas, na mwaka 1989 alichapisha makala ambayo mpaka leo husomeshwa katika madarasa ya maadili. Hakuanza na tumbo. Alianza na mimi na wewe: kwa nini ni vibaya kutuua? Jibu lake ni kwamba anayeniua ananinyang'anya yote yaliyo mbele yangu, kazi ambazo ningezifanya, watu ambao ningewapenda, asubuhi zote ambazo ningeziamkia. Kijusi nacho kina yaliyo mbele ya namna hiyo. Basi kukiua ni kunyang'anya vilevile. Hamna roho humo, hamna Mungu, hamna hata madai kwamba kijusi ni mtu. Na angalia inakoelekea: mgonjwa ambaye mbele yake hakuna chochote anachoweza kukithamini, hoja hii haimlindi kama ambavyo hoja ya Hentoff ingemlinda. Marquis alilikubali hilo. Uhai peke yake haukuwa kiini cha alichokitetea. Alitetea maisha, tena maisha yajayo.

Kama ningeandika "mtetezi wa uhai" kwa wote wawili, msomaji wangu angetoka akiamini wanasema jambo moja. Kwa Hentoff nikaacha uhai. Kwa Marquis nikaandika "hoja ya maisha yajayo", na nililala vizuri usiku ule.

Walio upande wa pili nao wanahitaji uangalifu wa aina hiyo. Mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson, mwaka 1971, alikubali kwa ajili ya hoja kwamba kijusi ni mtu, kisha akasema umeamka umeunganishwa kwa mirija na mpiga fidla mgonjwa anayehitaji figo zako kwa miezi tisa. Ana haki ya kuishi, ndiyo, lakini haki hiyo haimpi haki ya kuutumia mwili wako bila ridhaa yako. Hapo "haki ya kuishi" inatosha. Mwanafalsafa mwingine, Mary Anne Warren, mwaka 1973, alisema kuwa binadamu kwa damu na kuwa mtu mwenye haki ni mambo mawili: mtu ana fahamu, hufikiri, hujitambua. Wengi hufasiri sifa hiyo "utu". Ninaikataa tafsiri hiyo kwa nguvu zote. Utu kwetu ni wema na huruma, na mwenye fahamu timamu anaweza kukosa utu kabisa. Mimi husema "hadhi ya kuwa mtu". Ni ndefu, lakini haimpotoshi msomaji.

Ronald Dworkin, mwanafalsafa wa sheria, ndiye aliyenipa kazi kubwa kuliko wote. Katika kitabu chake cha 1993 alidai kwamba hata asiyeamini Mungu anaweza kuona kitu kuwa kitakatifu, kama tunavyoumia mchoro wa kale ukiungua au aina nzima ya mnyama ikitoweka, na kwamba pande zote mbili za mgogoro huu zinauheshimu uhai ila zinatofautiana juu ya namna ya kuuheshimu. Wengine hutazama zaidi kazi ya maumbile, wengine zaidi jitihada za binadamu katika kujijenga. Nikasema moyoni, bwana huyu anatafuta kwa kurasa nyingi kile ambacho lugha yetu inakigawa kwa maneno mawili! "Utakatifu wa uhai" unanukia ubani. Niliandika "uhai ni tunu", kwa kuwa tunu hata mpagani anayo kabatini.

Tofauti hii haiishii vitabuni. Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa, kisha inaruhusu utoaji mimba pale mhudumu wa afya mwenye mafunzo anapoona uhai au afya ya mama iko hatarini. Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kuishi na hifadhi ya maisha yake, bila kueleza mtu anaanza lini. Mwandishi wa habari anayeandika kwamba mimba hutolewa "kuokoa maisha ya mama" anasikika vizuri, lakini msichana ambaye mimba imemkatiza masomo anaweza kuuliza kwa haki kabisa: na haya yangu si maisha? Katiba ya Kenya hapo inaongea juu ya uhai na afya. Tuseme hivyo, ili wanaotaka sheria ibadilike na wanaotaka ibaki wajue wanabishania nini.

Imebaki herufi ya nesi. Kifaranga ni cha ngeli ya ki-, lakini tunasema kifaranga amekufa. Kiziwi amefika. Kiswahili humpa mwenye uhai a- hata akivaa ki-. Kijusi je? Magazeti huandika kijusi kimeokotwa, na kiinitete, neno tunalolitumia hata kwa mbegu ya mmea, ni kime- daima. Wanaopinga utoaji mimba husema mtoto, ili a- ije yenyewe. Mfasiri hana pa kujificha, maana kitenzi hakitamkiki bila kuchagua. Katika ukurasa wa Hentoff niliandika "aliye tumboni". Nilipofika kwa Marquis niliandika "kijusi ana maisha mbele yake", nikaisoma sentensi hiyo kwa sauti, nikamkumbuka dada akiwa amelala pale akisubiri sikio la nesi liinuke. Kisha nikafuta ana, nikaandika kina, kwa sababu Marquis alijenga hoja yake yote bila kudai kwamba kijusi ni mtu, na halikuwa jukumu langu kumsemea.