Uchunguzi wa nguva nchini Tanzania

Uchunguzi wa nguva nchini Tanzania ni kazi ya kutafuta na kufuatilia nguva (jina la kisayansi: Dugong dugon) katika maji ya pwani ya nchi hiyo. Nguva ni mamalia wa bahari anayekula nyasi zinazoota chini ya maji ya kina kifupi. Makazi yake muhimu zaidi nchini ni eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa.

Ugumu wa kumwona

Sili wa Aktiki hupanda juu ya barafu kupumzika na kuzaa, hivyo wanaweza kuhesabiwa kutoka kwenye ndege. Nguva hukaa majini maisha yake yote. Huibuka kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi, na mara nyingi huonekana ncha ya pua tu. Karibu na delta ya Rufiji maji huwa na matope, na nguva aliye chini haonekani kabisa.

Njia za uchunguzi

Habari nyingi hutoka kwa wavuvi. Watafiti huwauliza walimwona wapi, mwezi gani, wangapi, na kama alikuwa hai au amenaswa. Pia huhakikisha kwamba hakuwa pomboo: pomboo wengi wana pezi mgongoni, nguva hana. Dalili nyingine ni mistari mitupu ambayo nguva huacha anapong'oa nyasi pamoja na mizizi yake. Shirika la Sea Sense limefanya kazi hii pamoja na wanavijiji wa pwani.

Hatari

Nguva akinaswa katika jarife hushindwa kuibuka, naye hufa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo taarifa nyingi za kuaminika ni za nguva waliokwisha kufa. Kumvua kumepigwa marufuku kisheria, lakini wavu hauchagui. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa ndama mmoja, na hukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Vifo vichache tu kila mwaka vinatosha kulimaliza kundi dogo.

Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) uliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakikadiriwa kuwa na wakubwa wasiofika 250. Wengi wao wako katika visiwa vya Bazaruto, Msumbiji.