Mshukabahari: Istilahi na Samaki Wake

Katika soko la Mpondwe, karibu na Bwera, ambako wachuuzi wa Uganda na wa Kongo hupatana bei kwa Kiswahili, samaki mrefu atokaye Ziwa George au Ziwa Edward huitwa mamba, jina ambalo kwa mtu wa Pwani ni la mnyama mwingine kabisa, mla watu. Naye mtu huyo wa Pwani, akishamtazama samaki yule na umbo lake la nyoka, aghalabu humwita mkunga, nalo pia si jina lake.

Na tumwangalie akiwa juu ya meza ya muuzaji. Nyuma ya kichwa ana nyuzi mbili ndefu, laini, zilizo mahali pa mapezi, na nyingine mbili karibu na mkia. Na akipasuliwa huonekana mapafu mawili, maana huyu hupanda juu ya maji kuvuta hewa, na akizuiliwa chini hufa maji. Ndiye kambare mamba wa Watanzania, kamongo wa Wajaluo, ambaye wanazuoni humwita Protopterus aethiopicus. Huzaliwa, hukua na kuzaa katika ziwa lile lile, dume akilinda kiota cha mayai na watoto wake mpaka waweze kujitegemea.

Amma mkunga wa mtoni, yule wa jenasi ya Anguilla, ana hulka nyingine. Mito yetu imiminikayo Bahari ya Hindi, kama Tana, Sabaki, Pangani na Rufiji, inayo mikunga hao, wala hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyezaliwa mtoni. Asili yao ni bahari kuu, na wanazuoni hukisia kwamba mazalio yao yako mashariki ya Bukini. Buu lake, bapa kama jani na angavu mno, huchukuliwa na mikondo kwa miezi, na likikaribia pwani hugeuka mkunga mdogo asiye na rangi, ambaye huingia mlangoni mwa mto, akapata weusi, kisha akapanda usiku kwa usiku, hata juu ya miamba iliyolowa ya maporomoko, mpaka vijito vya milimani. Huko hukaa miaka kumi au zaidi, akila kaa, samaki na vyura. Na wakati wake uwadiapo, macho hupanuka, tumbo hupata rangi ya fedha, utumbo hunywea asile tena, naye huteremka pamoja na mafuriko mpaka baharini, azae mara moja tu, kisha afe. Buu hilo halifanani na mzazi wake hata kidogo, ndiyo maana lilihesabiwa kuwa samaki wa namna ya peke yake, mpaka Waitalia Grassi na Calandruccio walipoliona likigeuka mkunga, katika miaka ya 1890. Na Mdenmaki Johannes Schmidt, aliyelipata buu la mkunga wa Ulaya mwaka 1904, hakuyatangaza mazalio yake ya Bahari ya Sargasso ila mwaka 1922.

Kwa samaki wa safari hii wataalamu waliunda neno kutoka Kiyunani, kata, yaani chini, na dromos, yaani mbio. Na mwaka 1949 Mmarekani George S. Myers aliyafafanua maneno ya jamii hiyo ili yasichanganywe. Twaweza kuandika katadromu, walakini neno hilo humpa msomaji sauti, lisimpe maana. Mimi nachagua mshukabahari, na kinyume chake, kwa samaki kama salmoni akuaye baharini na kuzaa mtoni, mpandamto. Sharti moja lishikwe: safari iwe ya kuzaa. Samaki ashukaye baharini kutafuta chakula tu, kisha akarudi kuzaa mtoni, hastahili jina hili.

Istilahi hii yatufahamisha pia kwa nini Kasese, wilaya ya soko lile la Mpondwe, haina mkunga wa mtoni. Maji ya mito yake, Mubuku na Nyamwamba, huingia Ziwa George, yakapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, yakashuka kwa mto Semliki mpaka Ziwa Albert, na kutoka hapo yakafuata Nili yote hadi Misri. Mkunga wa Ulaya huingia katika delta ya Nili, lakini kati ya delta na Kasese kuna maelfu ya kilomita, maji ya kasi na maporomoko. Na hata sangara, aliye jirani tu katika Ziwa Albert, hakuweza kwa asili yake kuivuka Semliki.

Tena istilahi hii ina manufaa ya kazi. Mto Tana ulizibwa Kindaruma mwaka 1968, na Masinga mwaka 1981. Na mhandisi aambiwaye kwamba samaki fulani ni mshukabahari amekwisha kuelewa kwamba bwawa lahitaji njia mbili, moja ya watoto kupanda na nyingine ya wazazi kushuka.

Nawasihi basi watungao vitabu vya shule na waorodheshao samaki wa masoko: yule wa mialo ya Katwe na Kasenyi, kando ya maziwa yale ya Edward na George, mwandikeni kambare mamba, mkitaja na jina mamba la wenyeji kando yake, na jina la mkunga wa mtoni mmwachie mshukabahari wa Tana na Rufiji.